Asili ya jina la ukoo Walker
Ndugu, umeuliza kama ukoo wa Walker ulianzia kwa mtu aliyependa kutembea. La, ingawa ndivyo jina linavyosikika leo. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale, wealcere, yaani fundi aliyekanyagakanyaga vitambaa vya sufu vilivyotoka kufumwa, ndani ya birika la maji yenye udongo maalumu au mkojo uliochacha, ili mafuta ya sufu yatoke na nyuzi zishikamane hadi kitambaa kiwe kizito na imara. Tangu karne ya 12 vinu vya nyundo za mbao, vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji, vilianza kuchukua nafasi ya miguu, lakini jina lilibaki. Linalonivutia zaidi ni kwamba fundi huyohuyo aliitwa Fuller kusini-mashariki mwa Uingereza na Tucker kusini-magharibi, huku Walker likienea kaskazini na katikati, hivyo jina laweza kudokeza eneo walikotoka mababu. Halithibitishi undugu, kwa sababu mafundi wa namna hiyo walikuwepo katika miji mingi, na kila mmoja aliweza kuanzisha ukoo wake.