Mayi ya digrii ngapi inafaa kwa kuogelea mbali?

*Yaya, sisi vijana wa Himbi, Goma, tuko najitayarisha kuogelea kilometa 10 ku ziwa mwezi wa munane. Mwenzetu mumoja anasema chini ya digrii 20 ni kifo, mwingine anasema ukijipakala vazelini hausikii baridi hata kidogo. Mupaka ni gani? Kijana wa Himbi*

Mudogo wangu, mupaka iko, lakini si ile ya mwenzako. World Aquatics, shirikisho la dunia la kuogelea, wale wa zamani waliitwa FINA, wanasema mashindano ya ziwa ao bahari hayaanzi kama mayi iko chini ya digrii 16 ao imepita 31. Chini ya 18 kombinezo, ile nguo ya mpira ya kukinga baridi, ni lazima, kati ya 18 na 20 unachagua mwenyewe, kupita pale wanaikataza. Na temometa hawaitumbukizi pembeni ya mawe fasi jua inachoma, wanapima sentimita 40 ndani, katikati ya njia, masaa mawili mbele ya kuanza.

Ile 31 inashangaza wengi, eti mayi ya moto nayo inaua? Ukiwa inje jasho inakauka na inatosha moto mwilini, ndani ya mayi haikauki, na misuli inaendelea kutengeneza moto bila wewe kuisikia. Mwezi wa kumi 2010 Mumarekani Fran Crippen, miaka 26, alikufa ndani ya mashindano ya kilometa 10 kule Fujairah, mayi ikiwa moto sana, na ni kisha pale ndiyo wakaweka mupaka wa juu.

Sasa Kivu yetu. Mayi ya juu inacheza karibu 23 mupaka 25, kwa hiyo ku karatasi muko sawa. Lakini mayi inanyanganya mwili moto karibu mara 25 haraka kuliko hewa, basi ile 24 yenye kuwa tamu nusu saa ya kwanza inakuwa kitu ingine ukifika masaa tatu, zaidi kama uko mwembamba na upepo wa kiangazi unakupiga mugongo. Mwenye kuwafuata na piroge asiangalie temometa, aangalie mutu: mikono inapiga pole, vidole vinaachana, anajibu maneno ya kuvurugika. Hapo amutoshe, hata akikataa, zaidi sana akikataa!

Vazelini inazuia makwapa na shingo zisichubuke, basi. Wale wanaovuka kati ya Uingereza na Ufaransa ku mayi ya 15 mupaka 18 bila kombinezo wanazoesha mwili baridi miezi mingi.

Na hii haukuuliza: musifuate kando ya ziwa kuelekea Sake bila kuuliza wavuvi fasi mazuku iko. Ile gesi nzito inalala juu juu ya mayi fasi hakuna upepo, haina harufu, na muogeleaji anavuta pumzi palepale.

*Mutoto wangu wa miaka 9 anatoka ku ziwa midomo bluu, nimuoshe na mayi ya moto? Mama wa Muhumba, Bukavu*

Hapana mama. Umukaushe, nguo kavu, kofia, kisha chai ya sukari kidogo kidogo. Kisha kutoka mwili unaendelea kupoa dakika kadhaa, mayi ya moto ya ghafula inaweza kumuangusha. Akiacha kutetemeka na bado ni baridi, anasinzia, musingoje, hospitali. Na siku ingine atoke mbele midomo haijageuka.