Diski ya ahadi: seva inaposema nafasi ipo, kumbe haipo

Fundi, seva yangu ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa ndani ya kompyuta moja) ina SSD moja ya TB 1. Nimeunda mashine pepe tano, kila moja nikaipa GB 400, na ikakubali bila kulalamika. Imewezaje? (Msomaji, Morogoro)

Haijaweza, imeahidi. Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi unamjua yule mtu anayejaza kadi ya laki mbili kwa kamati tano za mwezi mmoja, akiomba Mungu zisimdai siku moja. Diski nyembamba ndiyo yeye. Kila mashine inaambiwa ina GB 400, lakini kipande halisi cha SSD hakitolewi mpaka kiandikwe kitu. Una ahadi za GB 2,000 na taslimu isiyozidi GB 1,000.

Si ulaghai. Mashine nyingi hazijazi hata nusu ya diski zake, ndiyo maana mtindo huu unapendwa. Ila deni lazima ulijue. Andika `lvs` kwenye seva yenyewe, si ndani ya mashine pepe, utazame safu ya Data% kwenye mstari wa hazina, yaani bwawa la nafasi halisi ambalo diski zote nyembamba huchota. Hapo ndipo taslimu inapohesabiwa.

Nimefuta GB 150 za video za kamera ndani ya mashine pepe, lakini Data% haijashuka hata kidogo.

Ukifuta faili, mashine pepe inafuta jina tu kwenye orodha yake. Seva iliyo chini haina habari. Weka tiki ya Discard kwenye mipangilio ya diski hiyo, zima mashine kabisa kisha uiwashe (kuirestati kwa ndani hakutoshi), halafu endesha `fstrim -av` ndani yake. Kama bado haishuki, tafuta snapshoti (picha ya hali ya diski ya wakati fulani). Ile uliyoipiga "kabla ya apdeti" miezi minane iliyopita bado imeshikilia vipande vyote vya zamani.

Juzi Data% ilifika 100%. Ndani ya mashine `df` (amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki) ilionyesha nafasi tele, lakini databesi imegoma. Data imepotea? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana. Iliyokuwa imeshatua kwenye diski kwa kawaida ipo. Wasiwasi ni ile iliyokuwa njiani.

Hazina ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) ikijaa, kwa kawaida maandishi mapya husubirishwa sekunde 60, labda mtu ataongeza nafasi. Zikipita, yanarudishwa na hitilafu. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, mara nyingi hapo hujifunga, ikawa ya kusoma tu. Lakini Linux hupokea maandishi kwenye RAM kwanza, inaiambia programu "sawa", kisha ndiyo inayapeleka diskini. Yakikwama huko chini, programu imeshaendelea na mambo yake. Ndiyo maana databesi ya PostgreSQL, tangu 2019, ikiambiwa kwamba data haikufika diskini hujizima makusudi badala ya kujaribu tena na kudanganywa.

Nimeliona kwa mteja mmoja: `df` inasema 41%, na mauzo ya dakika kama nne hayapo. Risiti ziko mikononi mwa wateja, kwenye databesi hazimo, kwa sababu ilikuwa imepangwa isisubiri diski kwa kila mauzo. Na diski zile nilizigawa mimi mwenyewe.

Sasa acha kuwasha na kuzima. Simamisha mashine zote. Angalia kwa `vgs` kama kuna nafasi ambayo haijagawiwa. Kisakinishi cha Proxmox kwa kawaida huacha GB 16 hivi kwenye diski kubwa. Ikiwepo, panua hazina kwa `lvextend`. Isipokuwepo, ongeza diski kwa `vgextend` kwanza. Kisha kagua mfumo wa faili kwa `fsck` kabla databesi haijawashwa.

Tazama na Meta% kwenye `lvs`. Hiyo ni ramani inayosema kipande kipi ni cha nani, na ikijaa ni balaa zaidi: data ipo lakini mwenyewe hajulikani. `lvconvert --repair` huokoa mara nyingine, si kila mara. Nakili diski nzima pembeni kabla hujaigusa.

Nina RAID 1. Si itaniokoa?

Hapana. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski mbili, kwa hiyo utakuwa na diski mbili zilizojaa.

Basi niachane na diski nyembamba?

Mimi sijaachana nazo. Databesi naiweka kwenye LVM ya kawaida, nje ya hazina, ipewe nafasi yake yote tangu siku ya kwanza. Mashine za majaribio, tovuti na mengine yaishi kwa ahadi.

Halafu fungua `/etc/lvm/lvm.conf`, utafute `thin_pool_autoextend_threshold`. Ikiwa 100, ambayo ndiyo chaguo-msingi, hazina haijipanui kamwe. Weka 80, ijipanue ikifika 80%, lakini uache nafasi ya kupanukia, la sivyo umeandika namba tu. Bekapu ikae kwenye mashine nyingine. Na tahadhari ya 80% ije kwenye simu yako, si kwenye barua pepe ya root (akaunti kuu ya seva) ambayo hakuna aliyeifungua tangu seva isimikwe.