Tabibu anauliza: Je, zahanati ya fedha taslimu itasimama Wete?

SWALI: Mimi ni tabibu mwenye stashahada ya miaka 3, na nimeitumikia serikali kwa miaka 11. Sasa nataka kufungua zahanati yangu mjini Wete. Binamu yangu aliyeko Marekani, ambaye ni msaidizi wa daktari, ananieleza kwamba wenzake wanafungua kliniki zisizopokea bima, mgonjwa analipa taslimu na mambo yamekwisha. Je, utaratibu huo unafaa kwetu Pemba? – Tabibu, Wete

JIBU: Ndugu Tabibu, anayokueleza binamu yako ni ya kweli, ila yanatatua shida za huko. Marekani madai ya bima hula muda na mishahara, kwa sababu hata kliniki ndogo hulazimika kuwa na mtu wa kuyaandika, kuyafuatilia na kubishana na kampuni juu ya yaliyokataliwa. Anayeikataa bima anapunguza gharama hizo. Kwetu mgonjwa wa zahanati binafsi amezoea kulipa mkononi, na mshindani wako ni kituo cha serikali, ambako matibabu yalitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Hakuna atakayekulipa kwa ajili ya panadoli. Atakulipa kwa kuwa umefungua saa mbili usiku, umemsikiliza mpaka akamaliza, na dawa uliyomwandikia ipo kabatini.

Kabla ya kupangisha nyumba, nenda kwenye bodi inayosimamia hospitali binafsi chini ya Wizara ya Afya, ukaulize kituo cha daraja gani kinaruhusiwa kwa stashahada yako na kama unatakiwa uwe na daktari wa kukusimamia. Omba jibu la maandishi. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, usitegemee maelezo ya rafiki aliyefungua zahanati Tanga. Habari za dawa ziulize kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Kitakachokusumbua zaidi ni mkopo, yaani wagonjwa kutaka kutibiwa kwa deni. Niliwahi kuwa mbia katika zahanati ya shamba, na mlangoni tuliandika kwamba malipo ni taslimu. Jioni moja alikuja mama na mtoto mwenye homa, akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya shilingi 2,000 na kusema, "Nyengine niandikie, mwanangu, karafuu zikianikwa nitaleta." Nikamwandikia. Mwezi wa pili daftari lilikuwa na majina ya nusu ya kijiji, na wenye madeni wakawa wanapita njia ya nyuma wasionane nami, hata walipougua tena. Tulipoteza fedha, kisha tukapoteza na wagonjwa. Siku hizi ushauri wangu ni kwamba asiye na uwezo asamehewe hapo hapo, kwa kiasi ulichokitenga kila mwezi, na msamaha huo usiuite deni. Aliyezidiwa, mwenye kuvuja damu au aliyeanguka kutoka mkarafuuni, ahudumiwe kwanza na apelekwe hospitali. Habari za fedha zitafuata baadaye.

Bei zibandike ukutani, mgonjwa azisome kabla hajakaa: kuonana na tabibu, kipimo cha malaria, kushona jeraha, kubadilisha bendeji. Kisha piga hesabu zako bila ya kujidanganya. Kwa mfano, ikiwa kodi, mshahara wa muuguzi na umeme ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na kila mgonjwa anakuachia 5,000 baada ya kutoa gharama ya dawa, unahitaji wagonjwa 180, yaani kama 7 kwa siku ukifungua siku 26, na wewe mwenyewe bado hujapata kitu. Wakati wa mchumo wa karafuu watakuja zaidi ya hao, lakini msimu ukipita utakaa kibarazani ukihesabu magari. Kwa hiyo weka akiba ya miezi kadhaa kabla hujaacha kazi.

Kuhusu bima, nisingeifunga milango yote. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza mwaka 2023 kwa watumishi wa umma, na katika mji kama Wete walimu na makarani ndio wenye kipato cha kila mwezi. Anza na taslimu, maana ndiyo itakayokulipia kodi ya mwezi wa kwanza, lakini tunza kumbukumbu za kila mgonjwa kana kwamba kesho utadai kwenye mfuko, ili siku ukitaka kuomba kusajiliwa usianze kutafuta karatasi.