Rauta inawaka, intaneti hakuna

Ndugu wa Nyegezi, umeweka betri kwenye rauta, ila umeme ukikatika intaneti nayo inakatika. Kile kiboksi cha faiba, kinacholeta intaneti kwenye rauta, bado kinategemea soketi ya ukutani! Vyote viwili vinahitaji betri.

Soma maandishi madogo kwenye adapta: 12V 1A ni wati 12, viwili 24. Betri ya risasi ya 12V 18Ah ina wati-saa 216. Tumia nusu tu, isije ikafa mapema. Hapo unapata kama saa nne na nusu.

Usiunge betri moja kwa moja kwenye vifaa hivyo, maana ikichajiwa hufika volti 14.4. Weka kibadilisha volti kinachopandisha na kushusha, cha 12V 3A, na fyuzi ya ampea 5 karibu na chanya ya betri. Kabla ya kuchomeka, pima pini kwa mita: chanya mara nyingi iko katikati, lakini fuata mchoro wa adapta.