Vishimo kwenye rangi ya kabati la zamani
Ndugu uliyeuliza kwa nini kabati la zamani ulilopulizia rangi limetoka vishimo: vishimo hivyo vya duara, rangi ikijitenga na mbao ikabaki wazi katikati kama jicho la samaki, mara nyingi ni silikoni, yaani kitu kama mafuta kilichomo kwenye polishi ya fanicha. Imezama kwenye mbao miaka mingi, na msasa unaisambaza tu. Ndiyo maana ulipopiga msasa na kupuliza tena vikaongezeka.

Kwanza puliza rangi hiyohiyo kwenye kioo kisafi. Vishimo vikitokea hata hapo, huenda kompresa yako (mashine ya hewa ya kupulizia) inatema mafuta. Shughulikia chujio lake la hewa kabla ya kabati.

Kioo kikitoka safi, acha rangi ya kabati ikauke kabisa. Usirundike koti jingine, halitaziba. Piga msasa namba 220 mpaka kidole kisihisi kingo za vishimo. Futa vumbi, kisha safisha kwa white spirit (kiyeyusho cha rangi ya mafuta) ukiwa na vitambaa viwili: kimoja kimelowa, kingine kikavu kinafuata papo hapo kabla haijakauka, kwani ikikaukia pale uchafu unabaki palepale. Rudia mara tatu, kila mara kwa vitambaa vipya. Hapa ndipo wengi wanafanya haraka.

Ikikauka, puliza shelaki isiyo na nta (aina ya vanishi inayokauka haraka), makoti mawili mepesi, ukiacha kama saa moja katikati. Hiyo ndiyo inafungia silikoni ndani. Pitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi usiitoboe, hasa kwenye kona. Koti la kwanza la rangi liwe jepesi kama ukungu tu.