Ukitaka kuchora klampu za eksifiksi, kanunue kwanza glavu na sabuni

Kuna dogo mmoja kaniuliza juzi aanzie wapi, anataka kutengeneza klampu za eksifiksi, yale machuma yanayokaa nje ya mguu wa mtu aliyevunjika kwa bodaboda. Nikamwambia funga kompyuta kwanza, nenda dukani kanunue glavu na sabuni ya mche. Akadhani namtania.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: kuna pini zinapita kwenye ngozi zinaingia kwenye mfupa, kwa muundi wa mtu mzima nyingi ni za milimita 5, nje kuna rodi, zile kubwa zinakuwa za milimita 11, na klampu ndo inashikanisha pini na rodi au rodi kwa rodi. Basi. Ukiitazama unasema aah, hii ni kazi ya wiki moja tu, na hapo ndo nilipoangukia mimi.

Ya kwanza niliichonga karakana moja huku Nyakato, Mwanza, stenlesi inang'aa, bolti mbili, moja ya spana 10 nyingine ya 13, nati za kawaida na washa. Kwenye benchi ilishika kama kupe. Nikaipeleka hospitali waijaribu kwenye mguu wa plastiki, wamevaa kabisa kama wapo thieta, na hata dakika haijaisha washa ikateleza kwenye glavu ikadondoka. Nesi akaniangalia akasema, "Hiyo imeshakufa, fundi." Maana kule kitu kikigusa sakafu hakiokotwi kikapanguswa kikarudi, mpaka kioshwe kichemshwe upya, na mgonjwa kalala mezani anasubiri. Niliona aibu bhana, afadhali ingevunjika.

Toka siku ile klampu yangu inaingia ikiwa kitu kimoja na inatoka kitu kimoja. Mwisho wa bolti nagonga panchi ili nati isichomoke, washa naichimbia sehemu yake ya kukaa, na bolti zote ni spana 13, mtu asiulize ulize.

Sasa sabuni, hiyo inakaa badala ya damu. Vaa glavu, jipake sabuni mpaka viganja viteleze kama umeshika sato anayetoka majini pale mwaloni Kirumba, halafu funga klampu yako kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, kwa sababu mwingine umeshika rodi, na mwenzio kavuta mguu, na wa tatu yuko kwenye eksirei. Ndo maana klampu iwe na mdomo wazi pembeni, unaisukuma kwa dole gumba inaingia tap, usiifanye ya kuvishwa kuanzia ncha ya rodi, maana daktari akigundua katikati ya kazi kwamba kasahau moja itabidi abomoe fremu nzima. Na ndani uweke springi, ikishaingia ijishikilie yenyewe huku bado inazungushika, daktari akiridhika na picha ndo anakaza. Springi ikiwa laini klampu inateleza kwa uzito wake, ikiwa ngumu dole gumba linashindwa, mimi nilibadilisha springi mara nne kabla sijaipata. Hizo za majaribio chapisha kwa plastiki ya printa ya 3D, ni rahisi, ila usithubutu kuipeleka otoklevu, ile mashine ya kuchemshia vifaa kwa mvuke, maana plastiki ya PLA inayotumika sana kwenye printa hizo inalainika kwenye nyuzi joto 60 hivi na otoklevu inafika 121 au 134.

Kingine ambacho sikufundishwa chuo. Ukikaza bolti, klampu nayo inataka kuzunguka na spana, inavuta rodi, rodi inavuta pini, na mfupa uliohangaikiwa kunyooshwa unapinda tena mbele ya macho yako. Acha bapa mbili kwenye mwili wa klampu ili spana ya pili izuie. Halafu yale meno ya katikati yanayozuia isizunguke, niliweka 36 nikajisifu, kumbe kila jino ni nyuzi 10 za mzunguko, ukikaza likatafuta pa kukaa unaweza kupoteza hadi nyuzi 5, na kwa mguu wa mtu hizo ni nyingi. Ukiweka 72 unapoteza hadi 2 na nusu, ila meno madogo yanalika haraka na damu inakaa humo, kwa hiyo hapo chagua maumivu yako.

Mazoezi fanya kwa mguu wa ng'ombe, kanunue kwa muuza makongoro, ukate mfupa kwa msumeno uuunganishe mwenyewe. Muuzaji atakushangaa, mlipe uondoke.

Hesabu ya bolti usiikimbie pia. Bolti ya milimita 8 ukiikaza kwa nyutonimita 10 ikiwa safi inabana kama kilo 640 hivi, lakini ikishachemshwa mara nyingi thredi zikawa kavu na chafu, msuguano ukipanda kwa nusu, mkono ule ule unakupa kama 425 tu, na aliyekaza hajui kitu, anasikia imekaza. Stenlesi kwa stenlesi ndo balaa zaidi, zinang'atana mpaka bolti haitoki, na grisi ya gereji haiingii thieta. Nati ifanye ya metali tofauti.

Na usiweke chochote kwa mgonjwa kwa sababu tu umefurahi imeshika, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wapo, vifaa tiba vinapita kwao.

La mwisho nililipata wodini, sikulipata karakana. Mama mmoja kutoka visiwani alikaa na fremu miezi kadhaa, nikamuuliza inakusumbuaje, nikitegemea aseme uzito. Akasema, "Mwanangu, inanasa chandarua." Kila usiku akigeuka kona ya klampu inavuta neti, inatoboka, mbu wanaingia, na kanga nayo hivyo hivyo. Nikarudi karakana nikapiga kona zote msasa, na kichwa cha bolti nikakizamisha.