Nyumba ya mtu wa zamu: ipime kwa saa, si kwa kilomita

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa madaktari, wauguzi na wafamasia wanaotaka kununua nyumba ya kwanza. Tumechagua sita. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu kuna makosa yanayorekebishika kwa kubadilisha pazia, na kuna yanayokufunga miaka ishirini.

Ndugu mhariri, mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Nikiwa kwenye zamu ya kuitwa, mkataba unanitaka nifike hospitali ndani ya dakika 30. Nimepata nyumba nzuri iliyo kilomita 14 kutoka kazini, na ramani ya simu inasema ni mwendo wa dakika 22. Niinunue?

Kwa hesabu hiyo, Daktari, hapana. Ramani inahesabu dakika ambazo gari liko barabarani tu. Wewe anza kuhesabu simu inapolia. Kupokea maelezo na kuamka sawasawa, dakika 3. Kuvaa, kufungua mlango na geti, kutoa gari, dakika 4. Ukifika, kupata maegesho ni dakika 3, na kutembea hadi chumba cha upasuaji ni 3 au 4 nyingine. Hizo zinaweza kufika dakika 14 kabla hujaanza kubadilisha nguo na kunawa. Ukitoa kwenye 30, unabakiwa na 16 za barabarani, nawe unahitaji 22. Tafuta nyumba ambayo usiku ni mwendo wa dakika 12 hadi 15, usizidi hapo.

Uliza pia, na ujibiwe kwa maandishi, kama dakika 30 za mkataba zinaishia getini, wodini au kwenye meza ya upasuaji. Katika uzazi jambo hili ni zito. Uingereza, kwa mfano, upasuaji wa kujifungua wa dharura ya daraja la juu kabisa hulengwa mtoto awe ametoka ndani ya dakika 30 tangu uamuzi ulipofanyika. Kama mpasuaji ni wewe peke yako na dakika 30 zimeishia njiani, mama yule hana muda uliobaki. Pale ambapo hakuna mwenzako anayelala hospitali, kuhama karibu kunasaidia kidogo tu. Ombeni chumba cha kulala zamu ndani ya jengo.

Kabla ya kulipa chochote, endesha njia hiyo mara tatu: saa 8 usiku, saa 12 na dakika 45 asubuhi siku ya kazi, na siku ya mvua kubwa. Angalia kama kuna kivuko cha reli, maana treni moja ya mizigo inaweza kumaliza akiba yako yote ya dakika. Angalia daraja au bonde linalojaa maji. Hakikisha kuna njia ya pili isiyopita palepale. Geti la mtaa likifungwa usiku, jua nani anashika ufunguo na anachukua muda gani kuamka. Kisha ingia chumba utakacholala, funga mlango na madirisha, umwombe mtu akupigie. Kuta nene za zege huua mtandao, na kuna vyumba ambavyo simu inashika sebuleni lakini kitandani haishiki. Simu isipolia, ukaribu wa nyumba haukusaidii kitu.

Mimi ni muuguzi wa wodi, zamu zangu ni za saa 12. Nyumba ninayoiweza kwa bei iko mwendo wa dakika 75. Wenzangu wanasema nitazoea. Ni kweli?

Dada, umbali wa mchana mtu huzoea. Wa kurudi asubuhi baada ya kukesha hauzoeleki, kwa sababu usingizi ni deni la mwili.

Zamu ya saa 12, nusu saa ya kukabidhiana wagonjwa na dakika 150 za kwenda na kurudi ni saa 15. Zinabaki 9 za kuoga, kula, kuangalia watoto na kulala. Kwa kawaida utapata saa 5 za usingizi, na ukiwa na zamu tatu za usiku mfululizo, upungufu unajumlishana. Ukifanya zamu 15 kwa mwezi, utakuwa barabarani saa 37 na nusu, yaani zaidi ya zamu tatu nzima ambazo hakuna anayekulipa. Weka saa hizo kwenye bei ya nyumba hiyo, pamoja na nauli au mafuta, kabla ya kuiita ya bei nafuu.

Kuhusu hatari, utafiti upo. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu madaktari wa mafunzo ya vitendo wa Marekani ulikuta kwamba uwezekano wa kupata ajali ya gari baada ya zamu ya saa 24 au zaidi ulikuwa zaidi ya maradufu. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kulala dakika 20 kabla ya kuwasha gari, au kupanda chombo kinachoendeshwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo, kama hospitali hiyo ndiyo pekee unayoweza kufanya kazi, panga nyumba karibu nayo na uendelee kuweka akiba. Kama lazima ununue mbali, nunua kwenye njia yenye usafiri wa umma, na uhakikishe unapatikana saa zako wewe: saa 12 jioni unapokwenda kazini na saa 2 asubuhi unapotoka, Jumapili na sikukuu pia. Mtaa wenye mabasi tele saa za ofisi unaweza kuwa mkavu kabisa saa hizo.

Na kuna jambo dogo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii, nalo ni upande wa jua. Ukifanya zamu nyingi za usiku, tafuta nyumba iliyo magharibi ya hospitali. Asubuhi utarudi jua likiwa mgongoni, na jioni utakwenda vilevile. Nyumba ikiwa mashariki, utaendesha ukielekea jua linalochomoza, chini machoni, wakati kope zenyewe ni nzito. Kwa mtu wa zamu za mchana ni kinyume chake: mashariki ndiko kuna nafuu.

Nalala mchana. Nitajuaje kama nyumba ni tulivu kabla ya kununua?

Dalali atakupeleka Jumamosi jioni, wakati mtaa umetulia. Wewe omba kwenda saa 4 asubuhi siku ya kazi, kisha urudi saa 8 mchana. Kaa chumbani dakika 30, usiongee. Utasikia mapumziko ya shule, karakana ya kuchomelea vyuma, jenereta, pampu ya maji ya jirani, mbwa. Programu ya simu ya kupima sauti haina usahihi wa maabara, lakini inatosha kulinganisha nyumba mbili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30.

Zingatia zaidi sauti za ghafla kuliko zinazoendelea. Feni inayovuma saa zote haikuamshi, mlango wa chuma unaobamizwa unakuamsha. Kwenye ghorofa, ulizia anayeishi juu yako na sakafu yake ni ya nini. Chumba kiwe upande usiotazama barabara, wala kisipakane na ngazi, lifti au tangi la maji. Paa la bati lisilo na dari nzito litakuletea joto saa 6 mchana na kishindo cha mvua. Jambo hilo hurekebishika, ila liingize kwenye gharama wakati wa kupatana bei. Mwanga ni rahisi kuliko sauti: pazia zito linalopita fremu ya dirisha kwa sentimita 15 kila upande, na fimbo yake ikae juu ya fremu, huondoa sehemu kubwa.

Nimemaliza mafunzo ya vitendo mwaka jana. Nina mkataba wa miaka miwili, kisha natarajia kwenda kusomea ubingwa. Benki iko tayari kunikopesha. Si ni heri kununua sasa kuliko kumtajirisha mwenye nyumba?

Swali hili ndilo linalotusumbua zaidi, maana benki hupenda kukopesha madaktari vijana, na wao huona kukopesheka ni sawa na kumudu.

Tazama mkopo unavyofanya kazi. Chukua mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa rejesho sawa kila mwezi. Kwa kila 100 uliyokopa, rejesho ni 1.10. Mwezi wa kwanza, 1.00 ni riba na 0.10 tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka mitatu utakuwa umelipa karibu 40, na deni bado ni takribani 95.6. Ukiuza wakati huo, unarudisha karibu deni lote, na unalipa tena dalali, wakili na kodi za mauzo, baada ya kuwa ulikwishalipa mthamini, wakili na ada za usajili ulipokuwa unanunua. Nyumba isipopanda bei vya kutosha, unaondoka na hasara na umebakiwa na stakabadhi. Kodi ya pango kwa miaka miwili ya mkataba wako ingekuwa bei ya uhuru wako wa kuhama.

Pili, pima uwezo wako kwa mshahara wa msingi peke yake. Posho za zamu na za kuitwa hukatika ukiugua, ukienda likizo ya uzazi, ukihamishwa kitengo au ukipelekwa masomoni, na wewe masomo tayari unayapanga. Uliza pia kama riba inabadilika. Kwa mkopo huohuo, riba ikitoka 12 kwenda 14, rejesho la mwezi linapanda kwa karibu asilimia 13.

Ushauri wetu: usinunue mpaka umethibitishwa kazini, unajua utakaa eneo hilo angalau miaka mitano, na kuna waajiri wengine wawili unaoweza kuwafikia bila kuhama. Hilo la tatu watu hulipuuza. Hospitali hubadilisha wamiliki, hufunga vitengo na huhamisha watu, na nyumba iliyonunuliwa kwa ajili ya mwajiri mmoja inakufanya ukubali masharti usiyoyataka. Kama una akiba inayokuwasha mkononi, iweke iwe kianzio kikubwa cha baadaye, au lipa mkopo wa masomo kama riba yake ni ya juu. Ukisema utaipangisha ukienda masomoni, hesabu miezi miwili kwa mwaka bila mpangaji, pamoja na matengenezo, na usome mkataba wa mkopo kuona kama unaruhusu kupangisha.

Mimi ni mfamasia na mume wangu ni daktari wa dawa za usingizi za upasuaji, hospitali mbili tofauti, pande mbili za mji. Tununue katikati?

Katikati huwa mnakosa wote. Mume wako ndiye anayeitwa usiku, kwa hiyo nyumba imfuate yeye, nawe uchukue safari ndefu, maana wewe saa zako zinajulikana na unaweza kukwepa foleni. Mkiwa na watoto, chukueni ratiba zenu za miezi mitatu, mzipange pamoja, mtie alama kila saa ambayo wote wawili hampo. Saa hizo ndizo zitakazowaambia kama mnahitaji chumba cha mlezi, au nyumba iliyo karibu na ndugu.

Kuna nyumba inauzwa ukuta kwa ukuta na hospitali ninayofanya kazi. Kuna ubaya?

Upo unaoweza kuukagua. Ulizia tanuri la kuchomea taka liko wapi na upepo unavuma kuelekea wapi. Shirika la Afya Duniani linasema tanuri la kisasa linatakiwa kufanya kazi kwenye nyuzi joto 850 hadi 1100 na kusafisha moshi wake. La kienyeji linalotoa moshi mweusi likae mbali na dirisha lako. Sikiliza ving'ora na jenereta. Nenda ofisi ya mipango miji uone ramani, maana hospitali hupanuka na barabara za kuingilia hupanuliwa, na kiwanja chako kinaweza kuwa ndani ya mpango huo. Angalia kama wageni wa wagonjwa huegesha mbele ya geti.

Jiulize pia kama uko tayari kugongewa mlango. Wagonjwa na jamaa zao wakijua unapoishi, watakuja, na wengi wao wanakuja kwa sababu wana hofu ya kweli. Nyumba ya mtaa wa tatu, mwendo wa dakika 10 kwa mguu, mara nyingi inakupa ukaribu uleule.

Ukikagua nyumba yoyote, tazama kama unaweza kuingia kwa mlango wa nyuma ukapita kwenye bomba na mashine ya kufulia kabla ya sebule. Viatu vya wodini vikae hapo, na sare zifuliwe peke yake: maji ya nyuzi 60 kwa dakika 10 huondoa karibu vijidudu vyote. Kama mlango huo haupo lakini ukuta wa nyuma unatazama ua, fundi anaweza kuufungua. Muulize mkaguzi wa majengo kama ukuta huo unabeba paa.